Mkebe Wenye Mafundo Matatu

Kila asubuhi ukungu ulishuka kutoka milima ya Nyambene, ukapita juu ya migomba, ukaingia hata dirishani. Kanana hakuuona. Aliuhisi shavuni, akasikia harufu ya majani mabichi iliyokuja nao. Ndipo alijua kumekucha.

"Umeamka?" aliuliza.

Hakuwa akiuliza mtu. Alikuwa akimwuliza paka. Na paka alijibu kwa namna yake. Aliruka pajani pa mama huyo, akajizungusha mara mbili, akalala. Kisha akaanza kunguruma taratibu, na mngurumo ule ulipita katika nguo hadi kifuani mwa Kanana.

Kanana alikuwa mjane mzee. Aliishi karibu na soko la Kianjai pamoja na mwanawe Bundi, na Makandi, mke wa Bundi. Macho yake yalikuwa yamefifia kidogo kidogo hadi giza likatua kabisa. Mwaka ule wa giza alinyamaza. Alikula alipopewa. Alilala alipoambiwa. Bundi akimsalimu, aliitikia kwa neno moja tu. Makandi aliogopa. Aliona kama mama mkwe wake anaondoka huku bado ameketi pale pale kwenye kigoda.

Kisha jioni moja ya mvua, paka mdogo aliyelowa aliingia ndani. Aliwapita watu wote, akaenda kujilaza miguuni pa Kanana. Mama akainama, akampapasa. Halafu akasema maneno mengi kuliko aliyosema kwa miezi mingi.

"Makandi, leta kitambaa kikavu. Huyu mtoto wa watu anatetemeka, na nyinyi mmesimama tu mnaangalia!"

Makandi alilia kwa furaha akitafuta kitambaa. Paka akaitwa Shukrani.

Tangu siku hiyo Kanana alirudi kusema, kusuka vikapu vya mkonge, na hata kuimba nyimbo za kanisani. Mchana alisinzia kwenye kigoda, paka akiwa pajani. Katika ndoto macho yake yalirudi. Aliona mteremko wa kijani na ng'ombe wa baba yake wakila nyasi. Shukrani alitembea mbele yake, mkia juu, kama mtu anayejua njia.

Lakini Shukrani mwenyewe hakuwa akitoka nje. Majirani walikuwa wametega sumu ya panya kwenye maghala yao, na paka wawili wa jirani walikuwa wamekufa. Kwa hiyo Makandi alifunga mlango, na dirisha aliliwekea wavu. Paka alikaa ndani, akalinda mahindi na maharagwe stoo. Panya walihama.

Tatizo lilikuwa moja. Shukrani alitafuna kila kitu kilichofanana na jani. Alitafuna ufagio. Alitafuna nyuzi za mkonge za Kanana. Alitafuna hata maua ambayo Makandi alikuwa ameyachuma kwa ajili ya kanisa. Kisha alitapika.

"Mama," Bundi alisema Jumapili moja, "huyu paka ametapika tena. Safari hii ametapikia ndani ya kofia yangu."

"Afadhali hukuwa umeivaa," Makandi alisema.

"Wewe cheka tu. Nimechoka. Mwenye kisiagi, kile kinu cha unga pale sokoni, ananiomba paka kila siku. Huyu akitapika mara moja zaidi, nampelekea."

Makandi aliacha kucheka. Alimtazama mama mkwe wake. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya paka, na uso wake ulikuwa kama ule wa mwaka wa giza.

Siku zile zilizofuata, Kanana aliishi kwa masikio. Aliposikia paka akikohoa, aliinuka, akatafuta matapishi kwa kupapasa, akayafuta kwa kitambaa kabla Bundi hajarudi kutoka shambani. Usiku aliomba, "Bwana, sikuombi macho. Niachie huyu tu."

Alikumbuka kwamba paka wa utoto wake walikula nyasi porini na hakuna aliyewakataza. Walichuma jani moja hapa, jani moja pale, kisha wakaenda zao.

"Huyu hana pori," alijiambia. "Basi nitamletea pori ndani."

Angeweza kumwambia Makandi. Lakini hakumwambia. Tangu apofuke, alikuwa amechoka kusikia neno moja: "Kaa tu, Mama, nitakufanyia." Alitaka kufanya jambo hili kwa mikono yake.

Zaidi ya hayo, mbegu ilikuwa kazi yake tangu zamani. Alipokuwa na macho, yeye ndiye aliyetunza mbegu za nyumba. Alichagua magunzi yenye mahindi mazuri, akayatundika juu ya moto jikoni, yakapata moshi. Maharagwe aliyachanganya na majivu ndani ya kibuyu. Wadudu hawakuyagusa. Na njaa ikija, mbegu ile ile ilioshwa, ikapikwa, ikaliwa na watoto. Majirani walikuja kwake kuomba mbegu. Sasa Bundi alinunua mbegu za dukani, na hakuna aliyemwuliza Kanana lolote.

Mchana mmoja nyumba ilikuwa tupu. Kanana aliingia stoo akishika ukuta. Alipapasa rafu, akagusa mkebe wa mafuta ya kupikia. Aliutikisa. Mahindi yalilia ndani. Alifungua, akatia mkono. Punje zilikuwa kubwa, nzuri, zote sawasawa.

"Hizi ni za mbegu," alisema, akatabasamu.

Zilikuwa na harufu kidogo, kama ya duka la dawa. Alidhani ni harufu ya mkebe. Punje ziliacha unga vidoleni. Alidhani ni majivu. Aliziosha kwa maji, akazipanda karibu karibu katika sufuria kuukuu iliyotoboka, akaiweka dirishani nyuma ya pazia.

Jioni Makandi aliona vidole vya mama mkwe wake ni vyekundu. Hakushangaa. Kanana alikuwa akisuka kikapu cha mkonge uliotiwa rangi nyekundu.

Kila siku Kanana aligusa udongo kwa kidole. Siku ya sita alihisi ncha ndogo, kali na laini pamoja. Siku ya kumi majani yalikuwa marefu kama kidole chake. Alifunua pazia.

Shukrani alikuja. Alinusa. Kisha Kanana alisikia sauti aliyokuwa hajaisikia kwa miaka mingi, sauti ya jani likikatwa na meno. Krr. Krr. Ilikuwa sauti ya ng'ombe wa baba yake, ila ndogo sana, kama inatoka mbali. Alifumba macho yake yasiyoona. Kijani kikajaa chumba. Alisinzia hapo hapo, na hakusikia paka alipoanza kufukua udongo na kuzing'oa punje zenyewe.

Asubuhi ukungu ulishuka.

"Umeamka?" aliuliza.

Hakuna kilichoruka pajani pake.

Alimwita mara tatu. Alipiga magoti, akapapasa sakafu, akamkuta chini ya kitanda. Manyoya ya kidevuni yalikuwa yamelowa mate. Mwili wote ulikuwa ukitetemeka, kama jioni ile ya mvua, lakini safari hii haikuwa kwa baridi.

"Makandi!" aliita. "Makandi, njoo!"

Makandi alikuja mbio. Bundi alimfuata, kikombe cha chai mkononi.

"Ametapika?" Bundi aliuliza.

"Ametapika sana," Makandi alisema. "Na hawezi kusimama. Ngoja nimmiminie maziwa na chumvi, atoe kila kitu."

"Usimpe kitu!" sauti ilisema mlangoni.

Alikuwa Wawira, afisa wa mifugo. Bundi alikuwa amemwita aje kumdunga ng'ombe wao sindano asubuhi hiyo. Alikuwa ameegesha baiskeli yake kwenye ua na mkoba wake ulikuwa begani.

"Muga," alimsalimu Kanana.

"Muga. Lakini matamshi ya hiyo Muga yako si ya huku," Kanana alisema, huku machozi yakimtoka.

"Nyanya umenishika. Mimi ni wa Gachoka, kule Mbeere." Wawira alipiga magoti. "Mnyonge huyu akimiminiwa maziwa katika hali hii, yatamwingia mapafuni. Na chumvi itamdhuru zaidi. Amekula nini?"

"Sijui," alisema Makandi. "Tangu jana nimempa samaki wadogo wa omena na maji tu."

"Hatoki nje?"

"Kamwe. Tunaogopa sumu."

Wawira alimfuta paka mdomo kwa kitambaa chenye maji. Kisha akaacha kufuta. Alikuwa ameona mikono ya Kanana.

"Nyanya, vidole vyako vina rangi gani hii kwenye kucha?"

"Ni mkonge," Makandi alijibu. "Anasuka vikapu."

"Nyanya," Wawira alimwambia Kanana mwenyewe, kwa upole, "ni mkonge?"

Kanana alimpapasa paka. Alijua angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua kwamba anadanganya, alivyofikiri. Lakini chini ya mkono wake paka alitetemeka.

"Nyuma ya pazia," alisema. "Nilimpandia nyasi. Nilichukua mahindi ya mbegu kwenye mkebe. Niliyaosha. Nilidhani ni majivu."

Makandi alifunua pazia. Miche ilikuwa imekatwa na kufukuliwa. Katika udongo zilionekana punje zilizotafunwa, na ganda la kila punje lilikuwa jekundu.

Bundi aliweka kikombe chini. "Hizo ni mbegu zangu zilizobaki," alisema. "Mimi ndiye niliyezitia kwenye mkebe ule. Pakiti ilikuwa imepasuka."

"Pakiti iko wapi? Nataka kujua dawa gani."

"Tulitupa zamani."

"Hatukutupa," alisema Makandi. "Ninayo mimi."

Alikimbia chumbani. Makandi alikuwa mwanafunzi wa darasa la jioni la watu wazima. Alihifadhi kila karatasi yenye maandishi ili ajifunze kusoma. Pakiti ile ilikuwa ndani ya Biblia yake. Alikuwa ameshasoma herufi kubwa za mbele. Herufi ndogo za nyuma alikuwa hajazifikia.

Wawira hakuipokea. Mikono yake ilikuwa kazini. "Nisomee," alisema.

Makandi aliinua karatasi kwenye mwanga. Kidole chake kilitembea chini ya maneno. "M-be-gu hizi zime... zimetiwa dawa. Su-mu. Sumu! U-si-le. Usi... usilishe wanyama. Nawa mikono baada ya kupanda." Kisha akasoma jina la dawa, herufi moja moja, mpaka Wawira akalitambua.

"Vizuri sana," Wawira alisema. "Umenisaidia kuliko unavyojua."

Alimdunga paka sindano. Kisha alimwingizia maji ya dawa chini ya ngozi ya mgongo, polepole, ili asikaukiwe na maji mwilini. Alimfunika kwa shuka, akamlaza kwenye kikapu mahali tulivu. Alimwambia Kanana anawe mikono kwa sabuni mara mbili, na asugue kucha.

"Wewe pia ungeumwa, Nyanya. Ungeshika chakula kwa mikono hii."

"Si afadhali ningeumwa mimi," Kanana alisema.

"Usiseme hivyo."

"Atapona?"

Wawira alimpapasa paka mbavu kwanza. "Amekula kidogo, na tumemwahi. Kesho asubuhi nitapita. Akizidiwa kabla ya hapo, mniite nyumbani kwa mwalimu wa shule, ninakolala."

Siku ile ilikuwa ndefu. Mvua nyepesi ilinyesha juu ya mabati. Kanana alikaa sakafuni, mkono ndani ya kikapu. Alisinzia, akaona mteremko wa kijani. Shukrani alikuwa mbele, lakini safari hii alienda mbali, mbali, na hakugeuka. Kanana alitaka kumwita na sauti haikutoka. Alishtuka. Akapapasa. Tumbo dogo lilipanda na kushuka chini ya kiganja chake.

"Bwana," aliomba, "ni kiburi changu. Sikutaka kuuliza. Usimdai huyu deni langu."

Bundi alikuwa mlangoni, akasikia. Aliingia, akaketi sakafuni karibu na mama yake. Hakusema habari za kisiagi.

Alfajiri ukungu ulishuka. Kanana alihisi ubaridi shavuni, lakini aliogopa kuuliza swali lake la kila siku. Alingoja. Ndipo ulimi mdogo, mkavu, wenye kukwaruza, ukapita juu ya kidole chake.

Wawira alipofika, paka alikuwa amekunywa maji na kulamba supu kidogo ya samaki.

"Basi," alisema Bundi, "hakuna nyasi tena katika nyumba hii."

"Kwa nini?" Wawira aliuliza. "Nyasi hazina kosa. Mbegu ndiyo yenye kosa."

"Lakini nyasi ndizo zinamtapisha!"

"Sikiliza, Baba. Paka wengi hupenda kula majani kidogo. Ni tabia yao tangu porini. Akitapika kijani pamoja na manyoya mara moja moja, huku anakula na kucheza vizuri, si ugonjwa. Akitapika mara kwa mara, au akitoa damu, au akikataa chakula, hapo mniite. Sasa huyu hakuwa na nyasi, ndiyo maana alikula ufagio na mkonge. Uzi wa mkonge unaweza kumfunga matumbo. Na maua ya kanisani, baadhi yake ni sumu kali kwa paka. Mkimpa nyasi salama, ataziacha nyuzi. Lakini nyuzi na maua mviweke mbali hata hivyo."

"Nyasi salama ni zipi?" Makandi aliuliza.

"Nunueni ngano nzima sokoni, ile ya kusagia uji. Chakula cha watu, si mbegu ya dukani. Au shayiri. Msipande mtama. Mche mchanga wa mtama una sumu yake."

"Hilo najua," alisema Kanana. "Ng'ombe wa baba alikufa kwa mtama mchanga."

"Kumbe Nyanya ni mwalimu! Na msimletee nyasi za kando ya shamba lililopigwa dawa, wala zile nyasi ngumu za nepia wanazolishwa ng'ombe. Zinakata koo. Loweka ngano usiku mmoja. Tia udongo safi katika chombo chenye matundu chini. Samadi usitie. Mwagilia kidogo. Baada ya wiki moja hivi, majani yakifika urefu wa kidole, mpe."

"Siku nzima?"

"Dakika chache tu, kisha uondoe. Nyasi si chakula chake. Chakula chake ni nyama, samaki na maji safi. Zikigeuka njano au zikiota ukungu, tupa, panda nyingine."

Kanana aliinamisha kichwa. "Yote hayo ni kazi ya mwenye macho."

"Urefu wa kidole unaupima kwa nini, Nyanya? Ukungu wa udongo unaujua kwa nini?"

Kanana alifikiri. "Kwa kidole. Kwa pua."

"Basi. Macho unayahitaji kwa jambo moja tu: kujua mbegu ina rangi au haina. Kwa hilo uliza. Kuuliza mara moja si kufanyiwa kila kitu."

Kanana alicheka kidogo. "Watu wa Mbeere hamna maji, lakini maneno mnayo."

"Maneno hayahitaji mvua," Wawira alisema, akapanda baiskeli yake.

Siku hiyo Bundi alichimba shimo refu mbali na kisima, akafukia miche, punje na udongo wake wote, kuku wasije wakadonoa. Mbegu zilizobaki alizirudisha katika pakiti yake. Makandi alishona pale palipopasuka. Waliitia pakiti katika mkebe mwingine mpya, Makandi akaandika juu yake kwa rangi: SUMU. Bundi akauweka juu kabisa, mbali na chakula.

"Umeandika," alisema Kanana. "Mimi nitasomaje?"

Makandi aliuangalia mkebe. Kisha alichukua uzi mnene wa mkonge, akauzungusha mkebe, akafunga mafundo matatu makubwa. Aliushika mkono wa mama mkwe wake, akauweka juu ya mafundo.

"Moja, mbili, tatu," Kanana alihesabu. "Hii ni sumu."

"Umesoma, Mama."

Tangu hapo dirishani palikaa sufuria tatu. Moja ilikuwa ikilowekwa, moja ikiota, moja ikiliwa. Kanana alipanda mwenyewe. Kabla ya kupanda alimimina ngano kiganjani, akaita, "Makandi, nipe macho!" Makandi alitazama, akasema, "Ni safi, Mama." Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Shukrani alikula majani yake kila asubuhi, kisha akaondoka mwenyewe, na Kanana akazifunika sufuria. Aliuacha ufagio. Kofia ya Bundi ilibaki kavu. Mwenye kisiagi alipata paka mwingine.

Mwezi wa kumi mvua ilikaribia. Stoo ilikuwa na giza, na mawingu yalikuwa yamefunika milima. Bundi aliingia na kibiriti kilichopata unyevu. Alikiwasha, kikakataa.

"Mama," aliita. "Hebu njoo. Nataka mbegu za kupanda, na sioni kitu humu."

Kanana aliinuka kwenye kigoda. Aliingia gizani bila kushika ukuta. Mikono yake ilipita juu ya rafu, mkebe kwa mkebe.

"Huu ni wa maharagwe ya kula. Huu ni wa ngano ya paka." Aliinua mkono juu zaidi. "Na huu hapa una mafundo matatu. Ni wa shamba. Shika vizuri, na ukimaliza, nawa mikono kabla hujagusa chakula changu."

"Ndiyo, Mama," alisema Bundi, mwanamume mwenye watoto wawili waliokwisha kuoa.

Mvua ya kwanza ilianza kupiga mabati. Kanana alirudi kwenye kigoda. Dirishani Shukrani alikuwa amefika kwenye sufuria ya tatu. Krr. Krr. Harufu ya jani lililokatwa ilienea chumbani, mbichi na tamu. Mama alikaa akasikiliza, na safari hii hakuhitaji kulala ili akione kijani.